Mstari wa Papa Patient

Kiharusi kilipompitia Papa Patient kilimnyang'anya mkono wa kulia, mguu wa kulia, na maneno yote ya lugha nne alizokuwa akizisema. Kilimwachia neno moja tu la Kifaransa: "donc", yaani "kwa hiyo". Kwa nini hilo, sijui. Labda kiharusi nacho kilikuwa na haraka, kikaliangusha mlangoni. Basi mtu aliyechora ramani za kampuni ya shaba kule Kolwezi kwa miaka ishirini na sita, mtu aliyeweza kukuonyesha kosa lako kwa Kiswahili na kukutukana kwa Kifaransa, akawa anajibu kila kitu kwa donc. Chai? Donc. Umelala vizuri? Donc. Ukikaa naye unajifunza: kuna donc ya kukubali, kuna donc ya kukataa, na kuna donc ndefu inayopanda mwishoni, ambayo maana yake ni kwamba wewe ni mjinga na dawa yako bado haijapatikana. Hiyo ya tatu naijua vizuri kuliko zote.

Mimi ni Hénock, fundi seremala wa Likasi. Hapa Brussels nilikuwa mengi kabla ya kurudi kwenye mbao. Nimeosha masufuria, nimebeba friji za watu hadi ghorofa ya tano, nimenyimwa makaratasi mara tatu, na mara ya nne nikaenda na suti ya kuazima nikapewa. Nadhani waliionea huruma suti. Mtu akishapigwa randa namna hiyo habaki na makali mengi. Anabaki na mdomo. Maman Graciella, mke wa Papa Patient, husema kama mdomo wangu ungekuwa msumeno, msitu wote ule wa kusini mwa mji ungekuwa umekwisha.

Kuku waliingia nyumbani kwao, mtaa wa Ixelles, kwa safari ya kwenda sufuriani. Dada mmoja wa kanisani alileta wanne wa kahawia, kuku waliostaafu kutaga katika shamba fulani, na Maman Graciella akawafungia kwenye kiwanja cha nyuma, kiwanja chenye upana wa mikeka mitatu, wangoje Jumapili. Wakati huo Papa Patient alikuwa na miezi saba ameelekeza kiti chake cha magurudumu ukutani. Ukimgeuza, anajigeuza tena. Dada wa mazoezi ya kusema alikuja, akaonyesha picha za vikombe na mbwa, akaondoka. Lakini asubuhi ile ya kwanza Maman Graciella alitoka jikoni akamkuta mumewe dirishani. Alikuwa amejisukuma mwenyewe kwa mkono mmoja. Akamwonyesha vidole vinne, kisha akafanya duara kwa kidole gumba na cha shahada. Wanne, na yai moja.

Jumapili walikula maharage.

Toka hapo kuku wakaongezeka kama wageni wa msiba. Mwanafunzi wa ghorofa ya juu alihama akaacha vibete viwili, vikuku vya ukubwa wa ngumi. Mtu mwingine akaleta kuku mmoja mkubwa, mwenye manyoya mpaka vidoleni kama amevaa suruali pana, anayetembea polepole akitazama watu kwa pembeni. Huyo Maman Graciella alimpa jina la Maman Ministre. Jumla saba. Na kati ya wale wa kahawia alikuwapo mmoja mwenye kidole kilichopinda, aliyezoea kula punje kutoka katika mkono wa kulia wa Papa Patient, ule mkono uliokufa. Mzee alikuwa anauinua kwa mkono wa kushoto, anauweka pajani, anaujaza mahindi, anangoja. Kuku akidonoa, vidole viwili vilikuwa vinatikisika kidogo. Dada wa mazoezi alipoviona alivua miwani.

Kisha nyumba ikauzwa. Mwenye nyumba mpya aliandika barua ya adabu sana: kiwanja cha nyuma kitakuwa mahali pa baiskeli, na kuku wawe wameondoka kabla ya mwisho wa Machi. Maman Graciella aliniita, akanionyesha barua, akaikunja mara nne mpaka ikawa kama kidonge.

"Hénock," akasema kwa sauti ndogo, maana mumewe alikuwa chumba cha pili, "makuku ikitoka hapa, Patient anarudia ukuta. Minamujua huyu muntu. Na safari hii hatageuka tena."

Ni hilo tu lililokuwa mezani.

Aliyetuokoa ni Hidaya, Mrundi wa Buyenzi, Bujumbura, rafiki wa Maman Graciella tangu enzi walipokuwa wakisafisha ofisi pamoja saa za alfajiri. Siku hizi Hidaya anamtunza bibi mmoja wa Kibelgiji wa miaka tisini na kitu huko mtaa wa Uccle, na anaishi katika nyumba ndogo mwisho wa bustani ya bibi huyo. Naye alikuwa na mifugo yake: bata watatu na kanga wawili, waliokuwa wanalala katika kibanda cha majembe mpaka upepo wa Februari ulipokivua paa. Bibi alikubali kuku wa Ixelles waje, kwa masharti matatu: banda moja tu, nyuma ya ua wa miti, na asisikie jogoo.

"Jogoo tunaye tayari mmoja," akasema Hidaya akinitazama, "lakini huyo tutamwomba awe anakwenda kulala kwake."

Jumapili moja baada ya ibada tukakutana mezani kwa Maman Graciella kupanga. Nilikuja na mabaki ya karatasi ya ukutani, nikayageuza upande mweupe, nikachomeka penseli sikioni kama mtu wa maana. Papa Patient tulimsogeza mezani, kisahani cha karanga mbele yake.

"Bon, wateja wangu," nikasema, "semeni."

"Miye nataka banda iwe juu ya miguu," akaanza Maman Graciella. "Kama kwetu. Kuku anapenda kupanda."

"Na bata wangu?" Hidaya akauliza. "Wapande ngazi? Graciella, wewe ulishaona bata kwenye ngazi? Bata ukimwonyesha ngazi anakutazama kama umemtukana mama yake."

"Alors, bata balale chini."

"Chini ya kuku wako? Ili asubuhi waamke wamevaa kofia za mavi?"

Hapo pana kazi, msicheke. Kuku wa aina moja ukimjengea, umemaliza. Hawa wetu walikuwa kama abiria wa ndege moja wanaokwenda nchi tofauti. Kuku anataka kulala juu, kwenye kijiti. Bata anataka kulala chini, kwenye majani makavu, na akilala anatoa unyevunyevu kama nguo mbichi. Kibete anataka kulala juu kuliko wote kwa sababu ni mfupi, jambo ambalo hata kwa binadamu utaliona. Maman Ministre ni mzito. Ukimpandisha juu ataruka asubuhi avunjike miguu, kwa hiyo kijiti chake kiwe chini na kipana kama kiganja. Na kanga wao hawataki banda kabisa. Wanataka mti, na jani likianguka wanaita mtaa mzima.

Nikachora. Banda la urefu wa hatua nne, sakafu ya udongo upande wa bata ili maji yao yanywewe na ardhi. Juu yao rafu ya mbao ya kudaka mavi, na juu ya rafu vijiti vya kuku, vimepangwa kama ngazi, Maman Ministre kijiti cha chini, vibete juu kabisa. Viota nikavishusha chini ya vijiti, maana kiota kikiwa juu kuku anakifanya kitanda na mayai yananuka. Matundu ya hewa chini ya paa, ili upepo upite juu ya vichwa na usiwapige usingizini. Mlango wa ndege mpana, kwa sababu bata hawajui kupanga foleni. Wanaingia watatu kwa pamoja ama hawaingii.

"Sasa," nikasema, "tuje kwenye jambo lenyewe. Wezi."

Wote wawili wakainama mezani. Kule Likasi mama yangu alikuwa na kuku kumi na mmoja. Asubuhi moja tukaamka hakuna kuku, hakuna mlango, hakuna hata bawaba. Wezi waliondoka na mlango ili wakaufunge kwao. Siku ile niliapa. Kwa hiyo banda la Uccle lilikuwa na makufuli mawili, komeo la chuma lililopita nguzo hadi nguzo, na mlango mkubwa ulielekea dirisha la chumba cha Hidaya ili mwizi aonekane.

"Wezi, njo kintu ya kwanza," akasema Maman Graciella.

"Hata Buyenzi tulijenga hivyo hivyo," akasema Hidaya. "Mlango utazame kitanda."

Watu watatu waliobishana juu ya makalio ya bata kwa saa nzima, kwenye wezi tukapatana kwa dakika moja. Hapo ndipo nilipopaswa kushtuka.

Papa Patient alinyoosha mkono wa kushoto akachukua penseli sikioni kwangu. Tukamwachia. Akaanza pembeni kabisa: kwenye kona ya chini ya karatasi akachora kisanduku, akakigawa mara mbili. Mkono wa kushoto ulitetemeka, lakini pembe zilikutana. Kisha akaja kwenye banda langu. Pale ukuta unapokutana na ardhi akavuta mstari kwenda nje, kama unyayo unavyotoka kwenye mguu. Akazunguka upande wa pili, akavuta mwingine. Akaugonga kwa ncha ya penseli.

"Donc."

Nikaigeuza ile karatasi, nikautazama mstari. "Jamani, tazameni! Papa amewawekea kuku baraza. Jioni Maman Ministre atoke apunge upepo!"

Hidaya akacheka. Maman Graciella akacheka, cheko la mtu ambaye hajacheka siku nyingi, na mimi mdomo wangu ukipata cheko hauwezi kunyamaza. Nikaongeza viti vya baraza, nikaongeza chupa ya bia. Papa Patient akapita juu ya mstari ule tena, kwa nguvu, mpaka penseli ikatoboa karatasi.

"Donc," akasema. Ile ya tatu, ndefu.

Kisha akaweka penseli chini, akajisukuma mwenyewe mpaka kwenye ukuta wa sebule, akatulia hapo.

"Amechoka," akasema Maman Graciella, na cheko lake likaisha.

Nilijenga kwa wiki mbili, jioni na Jumamosi. Mbao nilizitoa kwenye makabati ambayo watu wa barabara ya Chaussée d'Ixelles huyaweka nje kwa gari la taka. Mlango mmoja wa banda hadi leo una kioo kwa ndani, na Maman Ministre hakosi kupita hapo. Siku ya kuhamia, Maman Graciella alikuja na nyuzi saba za sufu.

"Za nini?"

"Za miguu. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Utaifunga siku tatu, inajua kwao ni wapi."

"Graciella," Hidaya akamwambia, "bibi akiona kuku wamefungwa pingu bustanini kwake ataita polisi, na polisi atamkuta Hénock hapa na nyundo. Ninyi mnataka kesi?"

Tukapatana kuwafungia ndani siku tatu bila kamba. Siku ya nne, Jumamosi, nikampakia Papa Patient katika gari langu la kazi, kiti chake nyuma kati ya mbao, tukaenda Uccle afungue mlango. Nilikuwa na hotuba. Nikamwonyesha kufuli la kwanza, la pili, komeo. Hakutazama hata moja. Alikuwa ameinamia chini ya ukuta, anachoma ardhi kwa fimbo yake, anachoma, anasogea hatua moja, anachoma tena. Udongo wa Machi ulikuwa laini kama ugali.

"Donc. Donc. Donc!"

"Mguu njo inamuuma," akasema Maman Graciella. "Turudi."

Kuku wa kidole kilichopinda alikuja akapanda pajani kwake, akadonoa mahindi mkononi. Papa Patient hakuangalia mkono. Aliniangalia mimi, mpaka nikaanza kutafuta kazi ya kufanya na bisibisi.

Jumatatu saa moja asubuhi simu ikalia.

"Hénock," akasema Hidaya, "njoo. Makufuli yako yako salama."

Yalikuwa salama kweli. Yalikuwa yanang'aa kwa umande. Komeo halijaguswa. Na chini ya ukuta wa nyuma, upande wa bata, palikuwa na shimo la ukubwa wa sufuria, udongo umetupwa nyuma kwa nguvu. Bata wawili hawakuwapo. Bata wa tatu alikuwa amejibana kwenye kona, kimya. Kuku wa kahawia mmoja alilala mlangoni mwa shimo, na nikamgeuza mguu nikaona kidole kilichopinda.

Jirani mmoja alitoa kichwa juu ya ua wa miti, kikombe cha kahawa mkononi. "Mbweha," akasema kwa Kifaransa, bila mshangao wowote, kama mtu anayekutajia namba ya basi. "Mtaa huu wamejaa. Mmoja anapita hapa kila alfajiri, anatumia njia ya waenda kwa miguu."

Nikakaa juu ya ndoo. Miaka kumi na minne niko mji huu, na nilikuwa nimejenga banda dhidi ya vijana wa Likasi wa mwaka tisini na tatu. Hapa nani aje kuiba kuku? Mwizi wa Uccle hana haja ya mlango. Anakuja na kucha zake, anapita chini.

Hidaya alikuwa amejifunga ushungi vizuri, macho mekundu. "Kanga walipiga kelele nilipokuwa nachukua udhu," akasema. "Nikasema, kanga hawa, jani limeanguka. Sikutoka."

"Si wewe, dada. Ni mimi."

"Sisemi ni nani. Nasema sikutoka."

Maman Graciella alifika kwa basi, akaona, hakupiga kelele. Alichukua yule kuku akamfunika na kitambaa chake cha kichwa. Kisha akatutolea amri: Patient asijue. Nitafute kuku mwingine wa kahawia, wa umri ule ule, na Jumamosi tuseme ndiye.

"Na kidole?" nikauliza.

"Utasema kimepona."

Hapo ndipo tulipokuwa tumefikia: watu wazima watatu tukipanga kumdanganya mtu aliyewahi kunionyesha kwa fimbo, mita kwa mita, mahali hasa mbweha atakapochimba. Ila asubuhi ile hakuna aliyekuwa ameliona hilo bado. Kuku waliobaki, bata na kanga tukawafungia katika chumba cha Hidaya cha kufulia. Alipotaka kuwasha mashine, Maman Ministre alikuwa amekaa juu yake.

Jumanne nikaenda Ixelles kuchukua ile karatasi, nipate vipimo vya ukuta wa nyuma. Nilitaka kumwaga zege. Maman Graciella alikuwa kazini; mlango niliufungua kwa ufunguo wa chini ya chungu. Papa Patient alikuwa ukutani. Nikamsalimia kisogo, nikatandaza karatasi mezani, nikaweka kidole pale palipochimbwa.

Kidole kikaingia kwenye tundu. Tundu la penseli. Mstari wa Papa Patient ulianza pale pale, chini ya ukuta, ukaenda nje.

Nilichukua kiti nikakipenyeza kati yake na ukuta, magoti yetu yakagusana, nikakaa. Kama anataka kutazama ukuta, basi ukuta wenyewe uwe mimi.

"Papa," nikasema, "mbweha aliingia. Alichimba chini. Amechukua bata wawili wa Hidaya. Na yule wako wa kidole amekufa."

Mkono wa kushoto ukaenda ukaushika wa kulia, ukaufunika. Machozi yalishuka upande mmoja tu wa uso kwanza, ule mzima, halafu na mwingine.

"Maman Graciella alitaka tukufiche. Mimi nilikubali. Na wewe ulituambia mapema, mezani, na mimi nikaongeza chupa ya bia." Nikamwekea karatasi mapajani. "Huu mstari si baraza. Nifundishe, Papa. Safari hii nimefunga mdomo."

Alinitazama, nadhani akipima kama jambo hilo linawezekana. Kisha akafungua kiganja. Nikaweka penseli.

Akachora mbweha. Masikio mawili, pua, mkia kama ufagio. Akamweka ameegemea ukuta wa banda, kucha chini, anachimba. Chini ya kucha akapitisha ule mstari wake, akaukata kwa vimistari vya kupishana, kimoja baada ya kingine, mpaka ukawa waya wa kusuka, umelala chali ardhini kuanzia ukutani kwenda nje, urefu wa mkono mzima. Juu ya waya akachora majani. Nikaelewa kama mtu aliyepigwa kofi. Mbweha anachimba pale pua yake inapogusa ukuta. Anakuta waya. Anasogea kushoto, waya. Kurudi nyuma hatua mbili aanzie mbali, hiyo akili Mungu hakumpa.

Maman Graciella aliporudi tulikuwa bado tumeinamia karatasi. Aliona mbweha, akajua siri imekwisha. Aliona waya, akaweka mfuko wa soko chini taratibu.

"Mwee," akasema. "Hii senyenge! Ku Kolwezi, ku camp, aliweka hii kwa sababu ya nguchiro. Miye mwenyewe nilikuwa nakanyaga pale kila asubuhi na maji. Miaka kumi!" Akapiga magoti mbele ya mumewe. "Patient, nilifikiri ni ugonjwa njo ilikuwa inachora. Unisamehe, papa."

"Donc," akasema Papa Patient, ile fupi ya kukubali. Kisha akanionyesha kwa kidole, akatoa ile ndefu. Hapo Maman Graciella akacheka huku analia, na sikujitetea.

Tulijenga upya Jumamosi mbili zilizofuata, na safari hii nilikuwa kibarua. Papa Patient alikaa katikati ya bustani na blanketi na fimbo. Waya mwembamba wa kuku niliouleta aliupiga fimbo ukaanguka. Nikarudi na ule mnene, wa kuchomelea. Pembeni, ambapo vipande viwili vinakutana, nilikuwa nimeacha nafasi ya vidole vitatu. Fimbo. Nikapandanisha. Hidaya alishindilia majani juu kwa miguu akiimba kaswida. Kufuli moja nililiondoa. La pili Papa Patient aliniruhusu nibaki nalo, kama unavyomwachia mtoto mwanasesere.

Kuna kitu kimoja aliongeza ambacho hakuna kati yetu aliyekuwa amekiwaza. Tulikuwa tumepanga kwa ajili ya bata, kibete, kanga, kuku mzito, na mwizi. Mtu aliyekaa hatukumpangia kitu. Kwenye ukuta wa viota akachora kidirisha cha nje, usawa wa mkono wa kiti chake, bawaba chini, kishikio upande wa kushoto. Nikakijenga bila neno. Ukikifungua, kidirisha kinashuka na kuwa meza ndogo.

Tulipomaliza nikamletea karatasi, ile ya kwanza, imechakaa. Nikamwonyesha kisanduku cha kona. Maman Graciella alikuwa ameshanieleza: kule Kolwezi hakuna nyundo iliyogonga kabla ramani haijapata majina mawili pale pembeni, la aliyechora na la aliyehakiki. Nilikuwa nimekiona siku ya kwanza nikadhani ni pambo.

"Tia sahihi, Papa."

Akasukuma karatasi. Donc ya kukataa. Wiki ya pili vilevile. Nilimwuliza Maman Graciella kama bado amenikasirikia.

"Hapana," akasema. "Anangoja tu. Patient hatii jina kwa kintu haiyajaribiwa."

Jumamosi ya tatu tangu tumalize, mwezi wa Aprili, tulimkuta Hidaya ametusubiri langoni, kidole mdomoni, kama mtu mwenye mgonjwa aliyelala. Akatupeleka nyuma ya ua wa miti. Kuzunguka banda lote, chini ya ukuta, majani yalikuwa yamekwanguliwa. Papa Patient akajisukuma taratibu akihesabu kwa fimbo: kiraka kimoja, cha pili, cha tatu. Kwenye kila kimoja waya ulikuwa unaonekana, mzima, una manyoya mekundu mawili matatu. Viraka tisa. Mbweha alikuwa amezunguka nyumba nzima, kama mtu wa ofisi anayegonga mlango baada ya mlango, na hakurudi nyuma hata hatua mbili.

Ndani walikuwapo wote. Maman Ministre mbele ya kioo.

Papa Patient akanyoosha mkono. Nikatoa karatasi, nikaitandaza juu ya kile kidirisha cha viota, nikampa penseli. Kwenye sanduku la kwanza, la aliyechora, akaandika jina lake, herufi kubwa, zinazotetemeka, pembe zake zikikutana. Nilidhani sanduku la pili ataniachia mimi. Nilikuwa hata nimeshaipangusa mikono. Akanitazama. Akachora masikio mawili, pua, na mkia kama ufagio.

"Vérifié par renard! Mbweha njo amehakiki!" Maman Graciella akapiga kofi. "Hénock, mbweha amekupita cheo!"

"Na ni haki yake," akasema Hidaya. "Yeye alifanya kazi usiku."

Wakacheka, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka miwili nikasikia sauti ya Papa Patient ikicheka, sauti nzito, yenye kutu kidogo, haina neno ndani yake. Kisha akauinua mkono wake wa kulia kwa mkono wa kushoto, akauweka juu ya kidirisha, akaujaza mahindi. Kuku walimpita. Vibete vilitazama vikaondoka. Aliyekuja ni yule bata aliyebaki, akayumbayumba, akanyoosha shingo yote, akausukuma mdomo wake mpana kwenye kiganja na kufagia mahindi yote kwa mkupuo mmoja, akiacha tope. Kidole cha kati kikakunjika, kikamshika mdomo.

Bata akajivuta, akaachiwa, akarudi tena.

"Donc," akasema Papa Patient. Hiyo ilikuwa ya nne, sikuwahi kuisikia. Nikaenda kutafuta mahindi zaidi.